Ushungi Mwekundu: Kusoma Histogramu ya Rangi na Kupanga Mizani ya Weupe

Albamu ilikuwa imefunguliwa juu ya magoti ya mama wa bibi harusi, nami nimeketi ubavuni pake nikisubiri neno. Akaweka kidole kwenye picha kubwa ya katikati. "Mwanangu," akaniambia kwa upole, "mbona ushungi umekuwa kama karatasi? Huu ulikuwa na mikunjo. Na zari imepita humu, nimeinunua mwenyewe." Alisema kweli. Ushungi mwekundu ulikuwa umegeuka bapa moja la rangi, kana kwamba mtu ameukata kwenye manila akambandika mtoto wa watu kichwani. Uso ulitoka vizuri, ukuta wa nyuma vizuri, macho makali. Ushungi umekufa.

Usiku ule wa harusi nilikuwa nikitazama histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera, kila baada ya picha chache, na kila mara mlima ulikaa katikati, haukugusa kulia wala kushoto. Nilifanya kama nilivyofundishwa. Ila nilifundishwa histogramu moja, na kamera yangu ilikuwa nazo nne.

Napiga picha za harusi Unguja, hasa shughuli za wanawake: hina, singo, kupamba, na usiku wa ukumbini ambako mpiga picha mwanamume haingii. Kwa hiyo kazi yangu ni vyumba vidogo, taa za kila namna, kuta zilizopakwa rangi, na nguo nyekundu, za dhahabu na za kijani. Haya ninayoyaandika ndiyo ninayowafundisha wasichana wanaokuja kujifunza kwangu, kwa utaratibu huo huo.

Tuanze na mchele. Chukulia picha yako ni gunia la mchele na kila punje ni pikseli moja. Kamera ya megapikseli 24 ina punje milioni 24. Sasa panga vikombe 256 kwa mstari, uvipe namba kuanzia 0 hadi 255. Namba 0 ni kiza kitupu. Namba 255 ndiyo mwisho wa mwanga ambao faili la JPEG, lile faili la picha la kawaida, linaweza kuandika. Chukua kila punje, tazama ina mwanga kiasi gani, itie kwenye kikombe chake. Ukimaliza, rudi nyuma hatua mbili utazame vikombe gani vimejaa na vipi vitupu. Umbo la marundo hayo ndilo histogramu. Kushoto kiza, kulia mwanga, na urefu wa mlima ni wingi wa punje.

Kumbuka kwamba ukishazimimina punje vikombeni, hujui tena ipi ilitoka usoni na ipi ilitoka ukutani. Histogramu haioni mtu wala pazia. Na hakuna umbo la mlima linaloitwa sahihi. Mwanamke aliyevaa buibui amesimama mbele ya mlango wa mbao iliyokolea, mlima wake utaegemea kushoto na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Wanaume 40 wenye kanzu barazani, mlima utaegemea kulia. Ukiulazimisha urudi katikati, buibui litakuwa la kijivu na kanzu zitaonekana hazijafuliwa. Mimi mlima wenyewe siutazami sana. Natazama ukuta wa kulia: je, kuna rundo lililouparamia? Punje zilizorundikana kwenye kikombe cha 255 zimeungua. Iwe zilistahili kuwa 256 au 400, zote zimeandikwa 255, na tofauti baina yao, ambayo ndiyo mikunjo ya kitambaa, imepotea.

Sasa tuingie kwenye rangi. Pikseli moja haina namba moja, ina tatu: nyekundu, kijani na buluu. Sensa ya kamera yenyewe haijui rangi, inajua kupima mwanga tu. Juu yake kumewekwa vichujio vidogo vya rangi, kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, hataza yake ikatolewa mwaka 1976. Katika kila vijumba vinne, viwili ni vya kijani, kimoja chekundu, kimoja cha buluu. Kijani kimepewa mara mbili kwa sababu jicho la binadamu hupata sehemu kubwa ya habari za mwanga kwenye kijani.

Upendeleo huo wa kijani ndio ulioniponza. Histogramu nyeupe inayotokea kwanza kwenye kioo cha kamera, ile moja, huwa inachanganya zile rangi tatu, ambazo tunaziita chaneli, kuwa namba moja. Mchanganyo unaotumika sana ni takriban asilimia 30 ya nyekundu, 59 ya kijani na 11 ya buluu. Chukua sasa pikseli moja ya ule ushungi: nyekundu 255, kijani 40, buluu 50. Piga hesabu. Asilimia 30 ya 255 ni kama 76. Asilimia 59 ya 40 ni kama 24. Asilimia 11 ya 50 ni kama 5. Jumla 105. Kikombe cha 105 kiko karibu na katikati! Mpiga picha anatazama, anaona mlima umetulia, anaendelea na kazi, na huku chaneli nyekundu imeshauparamia ukuta na zari yote imekwenda nayo.

Kwa hiyo jambo la kwanza kwenye kamera yako, kabla ya harusi yoyote: fungua picha uliyokwisha piga, bonyeza kitufe cha INFO au DISP mara kadhaa mpaka zitokee grafu tatu za rangi, nyekundu, kijani na buluu, zimepangwa juu na chini. Kamera nyingine zinataka uziwashe kwanza kwenye menyu ya kutazamia picha. Iache hapo hapo, usirudi kwenye ile moja. Zile alama zinazomweka kuonyesha mahali palipoungua nazo usiziamini peke yake, maana kwenye kamera nyingi zinafuata mwanga wa jumla, hazifuati chaneli moja moja.

Ukiona nyekundu imegusa ukuta huku kijani na buluu ziko mbali, punguza mwanga kwa theluthi moja ya stopu (stopu moja nzima ni kuupunguza mwanga kwa nusu), piga tena, tazama tena. Kwa ushungi mwekundu, leso nyekundu au hariri ya rangi ya chungwa, mimi huishia kupunguza theluthi mbili au stopu nzima. Uso utatoka na kiza kidogo. Uso nitaupandisha baadaye kwenye kompyuta. Kilichoungua hakipandishwi.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hawaambiwi. Hata ukipiga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalipika, histogramu unayoiona kwenye kamera imetengenezwa kutokana na JPEG ndogo iliyofichwa ndani ya faili hilo. Maana yake ni kwamba mtindo wa picha uliochagua unaibadilisha. Ukiweka mtindo unaokoleza rangi, nyekundu itasogea kulia, na pengine kamera itakwambia imeungua wakati ndani ya RAW bado ni nzima. Mimi naweka mtindo uliopoa, ule ulioandikwa Neutral, ili grafu iseme karibu na ukweli. Mizani ya weupe nayo inaibadilisha grafu hiyo hiyo. Ndiyo maana sikubali kufundisha histogramu Jumatatu na mizani ya weupe Jumanne. Mkono unaopanga weupe ndio unaosukuma milima ile mitatu.

Mizani ya weupe, au waiti balansi kama tunavyoiita kazini, iko kwenye kitufe cha WB. Macho yetu yamezoea kusamehe. Ukiingia chumbani kutoka juani, shuka nyeupe unaiona nyeupe, ingawa mwanga wa balbu unaoimulika ni wa rangi ya asali. Kamera haisamehi. Inaandika kilichopo. Basi inabidi iambiwe mwanga uliopo ni wa rangi gani ili izidishe chaneli iliyopungua. Mwanga wa balbu una nyekundu nyingi na buluu haba, kwa hiyo kamera inaizidisha buluu. Ndiyo sababu ukikuza picha ya usiku iliyopigwa kwa balbu, chengachenga nyingi utazikuta kwenye chaneli ya buluu: ilikuwa dhaifu, ikavutwa kwa nguvu.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvini, kipimo kilichopewa jina la mwanafizikia wa Uingereza, Lord Kelvin. Mshumaa uko kwenye 1900 hivi. Balbu ya zamani yenye waya ndani ni kama 2700 hadi 2900. Jua la mchana 5200 hadi 5500, na flashi iko humo humo. Mawingu 6000 na kitu. Kivulini, ambako unamulikwa na anga na jua halikufikii, 7000 hadi 8000, pengine zaidi. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni kivuli cha namna hii: kuta ndefu, anga la buluu limeonekana kama utepe juu, na bibi harusi aliyesimama chini anapata buluu tupu. Watu husema picha imetoka "ya baridi", wakadhani lenzi ni mbovu. Weka 7500, utaona chokaa ya ukutani inarudi kuwa chokaa.

Hapa wanafunzi wangu wote hukwama, kwa hiyo nitalisema taratibu. Namba unayoweka kwenye kamera ni taarifa unayoipa juu ya mwanga uliopo. Ukiandika 7500, umeiambia, "hapa pana buluu nyingi," nayo inajibu kwa kuongeza wekundu. Ukiandika 2800, umeiambia, "hapa pana balbu," nayo inaongeza buluu. Basi kupandisha namba kunaipasha picha joto, kuishusha kunaipoza. Jaribu sasa hivi: piga kiganja chako dirishani kwa 2800, kisha 5500, kisha 9000, bila kugusa kitu kingine. Tazama zile grafu tatu. Kwenye 2800 buluu imekwenda kulia na nyekundu imerudi kushoto. Kwenye 9000 zimebadilishana. Ushungi wangu ulipigwa kwa namba kubwa kuliko mwanga uliokuwapo, kwa sababu nilitaka ngozi ionekane na joto. Nyekundu ilikuwa tayari imesimama ukingoni, nami nikaisukuma.

Kelvini inapima mstari mmoja tu, kutoka buluu hadi chungwa. Kuna mstari wa pili unaokwenda kutoka kijani hadi majenta, na kwenye nyumba zetu huu wa pili ndio wenye kesi nyingi. Taa za mirija na taa za bei nafuu za LED zinatoa kijani kilichozidi. Turubai la buluu lililofungwa uani linamwaga buluu juu ya vichwa vya wageni wote. Nikahi anaipiga mdogo wangu wa kiume, nami nazisafisha picha zake; kwenye zulia la kijani la msikitini kanzu huwa nyeupe mabegani na kijani magotini, kwa kuwa zulia linarudisha rangi yake kwenda juu. Hapo hakuna namba moja ya kuweka kwenye kamera ikatosha. Napanga weupe kwa kufuata nyuso, kisha magotini na kwenye mikono napaka majenta kidogo kwa brashi ya kwenye programu.

Sasa niwaingize kwenye chumba kimoja, kwa sababu humu ndimo kazi yote inapoonekana. Ni siku ya hina. Bibi harusi ameketi kwenye mkeka, mikono ameiweka juu ya mto. Mchoraji amemaliza mkono wa kulia: maua ya hina yenye rangi ya kahawia inayoelekea kwenye wekundu, na kingo za piko nyeusi. Dirisha liko kushoto, ni saa kumi alasiri. Juu inawaka balbu ya LED ya rangi nyeupe iliyoparara. Ukuta ni wa kijani kibichi. Nikapiga picha ya kwanza kwa mizani ya otomatiki. Hina imetoka na rangi ya majani makavu, piko imekuwa ya kijani kilichokolea, na vidole vina ukijivu kama vya mtu aliyetoka homani.

Cha kwanza nilichofanya kilikuwa kuomba taa izimwe. Ni rahisi kuliko kitu chochote kilichomo kwenye menyu, na ndiyo tiba ya kweli ya mwanga uliochanganyika. Mizani ya weupe inajua chanzo kimoja. Ukiwa na dirisha upande mmoja na balbu upande wa pili, ukiutengeneza mmoja unauharibu mwingine. Kama taa haiwezi kuzimika, funga pazia ubaki na taa. Ukilazimika kuongeza flashi kwenye chumba cha balbu za njano, ivalishe flashi karatasi ya plastiki ya rangi ya chungwa ili iongee lugha moja na balbu.

Kisha nikamsogeza bibi harusi aupe ukuta wa kijani mgongo, akae umbali wa hatua mbili kutoka ukutani. Nikaweka kadi ya kijivu pale pale kwenye mto, kando ya vidole, imeelekea mwanga ule ule wanaoupata. Nikaijaza kadi kwenye fremu yote, nikapiga. Kadi ya kijivu haina rangi, kwa hiyo chaneli zote tatu zinatakiwa kuwa sawa. Histogramu ya kadi haina mlima mpana, ina mwiba mmoja kwa kila rangi. Ukiona miiba mitatu imesimama juu na chini kwenye namba moja, weupe umekaa sawa. Nilichokiona mimi kilikuwa nyekundu kama 112, kijani 131, buluu 124. Kijani mbele, nyekundu nyuma: kile kijani cha ukuta pamoja na ubaridi wa anga la dirishani. Nikaingia kwenye menyu, nikachagua mizani maalumu, nikaionyesha kamera ile picha ya kadi, nikapiga kadi tena. Miiba ikapandana. Nikapiga mkono, na hina ikarudi kuwa hina.

Kwa watu wengi hapo ndipo histogramu na mizani ya weupe huungana kwa mara ya kwanza, kwenye ile miiba mitatu. Ukiizoea hutahitaji kubahatisha Kelvini tena. Nyekundu iko kulia na buluu kushoto? Mwanga una joto, shusha namba. Buluu kulia? Pandisha. Kijani kiko peke yake mbele? Ongeza majenta.

Kama huna kadi ya kijivu, watu watakwambia tumia karatasi nyeupe au kanzu. Tahadhari na vyote viwili. Kitu cheupe kikiungua, namba zote tatu zinakuwa 255, kamera inadhani hakina kasoro, na mizani yako inatoka mbovu. Kwa hiyo kipige kwa mwanga mdogo mpaka miiba ikae mbali na ukuta. Karatasi nyingi za ofisini zimetiwa kemikali ya kung'arisha inayowaka buluu juani. Na kanzu zetu, kofia zetu, shuka zetu, tangu bibi zetu tunazitia buluu ya kufulia! Nguo iliyotiwa buluu jicho linaiona nyeupe kuliko nyeupe, lakini ukiipangia mizani, kamera itaiondoa ile buluu kwa kuongeza unjano, na nyuso za watu wote zitakuwa na manjano. Nimewahi kuhangaika na picha za familia nzima kwa sababu hiyo kabla sijaelewa. Kadi ya kijivu ni kitu kidogo, nunua moja, iweke kwenye mkoba wa kamera isitoke.

Taa za umeme zina tabia nyingine. Umeme wetu unapiga mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa nyingi hupwesa mara 100 kwa sekunde, na zinapopwesa hubadilika mwanga na mara nyingi rangi pia. Ukitumia shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, ya 1/500 ya sekunde, picha moja itatoka njano, ya pili kijani, ya tatu kiza upande mmoja, na wewe hujagusa kitu. Usianze kuhangaika na WB. Teremsha shata hadi 1/100 au 1/50, utulivu utarudi.

Ukumbini usiku kuna zile taa za zambarau na za buluu. Hizi nazisema kwa uchungu, kwa maana akina mama wanalipia mapambo ya mamilioni kisha yanamulikwa kwa mwanga unaoyafuta. Mizani ya weupe inazidisha kilichopo. Taa ya buluu tupu haina nyekundu ndani yake, na sifuri ukiizidisha mara kumi inabaki sifuri. Ushungi mwekundu chini ya taa ya buluu unakuwa mweusi, na chaneli ya buluu inaungua kabla nyingine hazijaamka. Sijapata dawa ya kwenye kamera. Dawa yangu ni kumwendea mtu wa taa mapema, kwa salamu na heshima, nikamwomba aweke nyeupe kwa dakika kumi: bibi harusi akiingia, na wakati wa kukata keki. Sijawahi kukataliwa.

Ngozi ndiyo kipimo changu cha mwisho. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha filamu zilipanga rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu, zikajulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ndiyo ikawa kipimo cha ngozi za watu wote, na kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja kutolewa miaka ya 1990. Sisi tusijifanyie hivyo wenyewe. Ngozi nyeusi haitakiwi kuvutwa hadi katikati ya histogramu ili ionekane "imetoka". Iache ikae mahali pake, kushoto ya katikati, ila hakikisha haijauegemea ukuta wa kushoto. Na kwa mtu yeyote, mweusi au mweupe, weupe ukiwa sawa namba za ngozi hupangika hivi: nyekundu mbele, kijani inafuata, buluu nyuma. Weka mshale wa kipanya shavuni, usome. Ukipata 121, 84, 66, endelea na kazi. Ukipata buluu imeipita kijani, ndiyo ile rangi ya jivu ambayo mtu anaitazama anasema "huyu si mimi." Mara nyingi atakuwa na haki.

Kwenye kompyuta, panga weupe kwanza, mwanga baadaye, kwa sababu ukigusa weupe chaneli zinahama na hesabu ya mwanga inabadilika. Piga RAW kama kamera yako inaruhusu: ndani yake mizani ya weupe ni maandishi tu yaliyoambatanishwa, unaweza kuyafuta ukaandika mengine, na RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384 kwa kila chaneli badala ya 256. JPEG imeshapikwa. Kioo chako kisiwe kwenye ile hali ya usiku inayotia unjano, na ukitoa picha za kupelekwa WhatsApp au kuchapishwa dukani, zitoe kwa sRGB, mpangilio wa rangi wa kawaida wa simu na vioo vingi. Kwa simu, fungua hali ya Pro. Nyingi zina WB ya Kelvini, na baadhi zina histogramu pia.

Na si kila joto ni la kuondolewa. Jioni Forodhani, saa kumi na mbili na nusu, jua linapozama na majiko ya mishikaki yamewashwa, ukipanga weupe mpaka moshi uwe mweupe kabisa utakuwa umeitoa jioni kwenye picha. Hapo naweka 5000 au 5500 na kuacha mambo yawe ya dhahabu, huku jicho langu liko kwenye chaneli nyekundu, kwa sababu jua la machweo linaiunguza haraka sana.

Ule ushungi, mama aliniazima baada ya wiki mbili. Bibi harusi akauvaa tena, akaketi barazani kwao kivulini, na nikaupiga kwa 7000, mwanga nimeupunguza theluthi mbili ya stopu, nyekundu imesimama kwenye 230 hivi na ukuta uko mbele yake. Picha hiyo ndiyo iliyoingia kwenye albamu. Ile ya kwanza ninayo bado kwenye diski. Kila msichana anayeanza kujifunza kwangu namfungulia, tunazima kijani na buluu, tunabaki na chaneli nyekundu peke yake: uso una kila kitu, na juu yake pamekaa doa jeupe lisilo na mkunjo hata mmoja. Kisha tunazima nyekundu, tunawasha kijani peke yake. Pale kwenye kiza, ukisogea karibu na kioo, zari inaonekana.